Mwenye Kikapu Asimame Mbali

Kli. Kimya kidogo. Kli. Halafu mtu anajikohoza kama anayefikiria jambo. Kli.

Hiyo ndiyo sauti ya kazi yangu. Mwalimu aliyestaafu ana kengele yake, mtu wa kiwanda cha chai ana king'ora chake. Mimi nina vidonge vya kifua kikuu vikidondoka kimoja kimoja ndani ya kikombe cha bati, upande wa pili wa kitenge. Hata leo mtu akimwaga maharage kwenye sufuria, mimi husimama wima kama naitwa.

Nieleze kwanza huku kustaafu, maana mkiniona mtasema nawatania. Sijaota mvi. Meno yangu yote yapo. Nimestaafu kwa sababu mradi umestaafu, na mimi nilikuwa ndani yake. Siku ya kutuaga, pale ukumbini Tukuyu, Mratibu alinisimamisha mbele za watu akaniita "mzee wetu Subilaga," akanikabidhi saa ya ukutani na soda. Soda ilikuwa baridi. Saa haina betri. Nadhani betri ziliwekwa kwenye awamu ya pili ya mradi, ambayo haikuja. Sasa ninyi wadogo zangu mnaoanza uhudumu wa afya vijijini mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Naandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sikupata.

Siku ya kwanza ilikuwa semina. Kila kitu huanza na semina, hata mvua ingekuwa ya mradi ingeanza na semina. Tulipewa fulana za njano zenye maneno mgongoni: MACHO YAKO NDIYO DAWA. Zote zilikuwa za saizi moja, ya mtu ambaye hakuhudhuria. Mratibu, kijana mpole kutoka Dar mwenye viatu visivyojua matope, alitufundisha kwamba mgonjwa wa kifua kikuu humeza dawa ukimtazama. Unamtazama anapoiweka mdomoni, unamtazama anapomeza, unamwambia afungue mdomo, unamtazama chini ya ulimi. Tulifanya mazoezi kwa peremende. Wengi wetu tulirudia zoezi bila kuambiwa.

Vifaa vyangu vilikuwa mwavuli, mabuti na kikopo cha plastiki chenye mfuniko unaokaza. Huo mfuniko ndio muhimu kuliko vyote. Mvua yetu ya Rungwe inaingia hata kwenye mfuko wa ndani, na kidonge kikilowa kinakuwa uji mwekundu, halafu unakaa kuueleza ule uji mbele ya dada Atupele.

Dada Atupele alikuwa mtu wa dirisha la dawa kwenye zahanati yetu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi kemia tuliachana vibaya kidato cha nne. Lakini nilikuwa na tabia ya kuuliza. Siku ya kwanza kuchukua dawa nilimuuliza ndani ya hivi vidonge kuna nini. Watu wengi wangejibu "dawa." Yeye alifungua droo akatoa maharage aliyokuwa amebeba kwa ajili ya mchana.

Akapanga maharage sita duara juu ya meza. Matano mekundu, moja jeupe.

"Haya mekundu ni kaboni," akasema. "Hili jeupe ni naitrojeni. Ni mgeni mmoja tu, lakini kwa ajili yake duara zima linabadilika tabia. Unajua ukoo unavyokuwa akiolewa mtu wa mbali."

"Najua. Nimeolewa."

Akachukua punje ya mahindi, akaiweka nje ya duara, imegusana na harage lililo ng'ambo kabisa ya lile jeupe. "Na hii ndiyo inayoifanya iitwe asidi."

"Asidi kama ya betri?"

"Asidi kama ya limau, Suby. Usinifukuzie wagonjwa. Inaitwa asidi ya isonikotini. Hailiwi hivi ilivyo. Kiwandani wanaichukua, wanambadilishia harage hili lililobeba punje, huyu mwenye kikapu, kikapu chake, inakuwa isoniazidi. Hiyo ni mojawapo ya dawa nne zilizobanwa kwenye hiki kidonge chekundu. Na mdudu wa kifua kikuu ana uroho. Isoniazidi inaingia ikiwa imefungwa, yeye mwenyewe ndiye anayeifungua. Akishaifungua, imekwisha kwake."

Nikasogeza punje ya mahindi harage moja kuelekea lile jeupe. "Na hivi?"

"Hapo umepata ndugu yake. Siyo hiyo tena, ni vitamini, ile inayopatikana kwenye karanga. Mpe mgonjwa wako hiyo, atabaki na kifua kikuu na ngozi nzuri." Akairudisha punje mahali pake. "Mwenye kikapu asimame mbali na mgeni. Ng'ambo kabisa. Hapo ndipo dawa inapoanzia."

Nilirudi nyumbani nikielea. Nikasahau mwavuli. Usiku mzima nilijenga kiwanda cha asidi ya isonikotini pale Ibighi, chenye paa la buluu na geti la kuteleza, wanawake wa Rungwe wakiingia zamu na makoti meupe. Asubuhi nikamwambia mume wangu, Gwamaka.

"Na malighafi?" akauliza. Yeye anafanya kazi kiwanda cha chai, anajua kuuliza vitu vya kukatisha tamaa.

"Itapatikana."

"Wapi?"

"Gwamaka, ndoto haiulizwi malighafi."

Wagonjwa wangu wengi walikuwa wepesi. Mama mchuma chai mmoja alikuwa anameza dawa huku anatembea, hivyo nikajifunza kutembea kinyumenyume mbele yake kwenye utelezi, nikimwangalia ulimi. Huo ndio ulikuwa utaalamu. Lakini ninyi mnataka kesi ngumu, na kesi yangu ngumu ni moja tu. Ilikuwa ya baba mkwe wangu.

Jina lake silitaji. Si kwamba namficha. Kwetu Wanyakyusa, hasa kwa wazee walioshika mila, mke wa mtoto hamtaji baba mkwe, hamtazami, na yeye hamtazami mkwe wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Tangu niolewe nilikuwa najua kikohozi chake, kikofia chake kikipita juu ya ua, na mguu wake wa kulia unaoburuta kidogo. Sura sikuijua. Hiyo siyo chuki, msije mkafikiria hivyo. Ndiyo heshima yenyewe, na yeye alikuwa ananiheshimu hivyohivyo. Alikuwa akiniletea viazi, anaviweka njiani, anakohoa, anaondoka.

Basi akaugua kifua kikuu. Mara ya kwanza msimamizi wake alikuwa mama mkwe, mkewe. Mama mkwe ana moyo wa siagi. Mzee akisema leo kinanichefua, mama anasema pumzika baba. Mzee alipoona mkojo umekuwa mwekundu kama chai ya rangi, jambo ambalo ni la kawaida kwa vile vidonge, akasema dawa inamtoa damu. Vidonge vikaanza kuishia kwenye majivu ya jikoni. Akapata nafuu kidogo, akaacha, na ugonjwa ukarudi umekasirika.

Muuguzi wa zahanati akatuita mimi na mama mkwe. Hakuzunguka. Akasema akiacha tena, mdudu atazoea dawa, na hapo hatutakuwa na dawa ya kumpa hapa, atapelekwa mbali, na kwa hali ya kifua chake huenda asirudi. Akasema tena kwamba mwanangu, anayelala kwa bibi yake kila siku, alikuwa anavuta hewa hiyohiyo. Mtoto akaandikiwa isoniazidi ya kinga. Nilipoishika ile chupa ndogo nikakumbuka maharage ya Atupele, nikaona hayachekeshi tena.

"Sasa msimamizi awe mtu aliyepata mafunzo," muuguzi akasema. "Nani yuko karibu?"

Mama mkwe akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Mwenzangu aliyepata mafunzo alikuwa ng'ambo ya bonde, upande wa Matwebe, na mto ukijaa hata barua haivuki. Nilikuwa karibu mimi tu, na macho yangu ndiyo dawa, na ndiyo macho pekee kijijini yasiyoruhusiwa kumwona.

Suluhisho lilikuwa la mama mkwe. Alitundika kitenge chake kati ya migomba miwili nyuma ya nyumba, akaweka jiwe bapa chini yake na kikombe cha bati juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nakuja asubuhi, naweka vidonge juu ya jani, nalisukuma chini ya kitenge, nasimama upande wangu. Yeye anakuja upande wake, anakohoa. Anadondosha vidonge kikombeni kimoja kimoja, nisikie. Anamimina maji. Anakunywa, na koo lake, Mungu ambariki, lilikuwa na kelele kama bomba la kijiji. Kisha anakipindua kikombe juu ya jiwe.

Mtaniuliza kama hakuweza kunidanganya. Angeweza. Angevitema, angevishika mkononi. Lakini mke unaweza kumdanganya, muuguzi unaweza kumdanganya, mradi wenyewe unaomba udanganywe. Baba mkwe kumdanganya mkwe wake ni aibu kuliko ugonjwa. Nilikuwa nategemea hiyo aibu kuliko macho yangu.

Kwa wiki nyingi ilikwenda vizuri. Asubuhi moja yenye mvua ya kuchoma mbavu nikasikia kli, nikasikia kli, halafu cha tatu basi.

Nikasubiri. Mvua ilikuwa inapiga kitenge mpaka kikanatana. Sikuondoka, na yeye hakuondoka. Siwezi kumsemesha, yeye hawezi kunisemesha. Tulisimama hivyo watu wazima wawili, tumetenganishwa na ua wa kitambaa, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akilowa. Mabuti yangu yalianza kujaa. Nikafikiria nikiondoka kwa ajili ya kidonge kimoja leo, kesho vitakuwa viwili, na keshokutwa vitarudi kwenye majivu. Nikabaki.

Mwishowe akaita, "Mama Gwamaka."

Mama mkwe akatoka jikoni akasimama katikati, kwenye ukingo wa kitenge. "Ee, baba."

"Mwambie mkwe miguu inanichoma. Nyayo zina ganzi, kama natembea juu ya siafu. Hiki kidonge kinanila miguu. Muulize ndani yake kuna nini."

Mama mkwe akanigeukia kana kwamba sikusikia. "Baba yako anauliza ndani kuna nini."

Sasa pale sikuwa na maharage. Nikasema nilivyoweza. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kumfikia asiyeambiwa, kwamba ndani kuna kitu kilichoanza kama duara la watu sita wanaocheza ngoma wameshikana mikono. Watano ni wa ukoo mmoja, mmoja ni mgeni. Na aliye ng'ambo kabisa ya mgeni amebeba kikapu. Kiwandani wanambadilishia kikapu, ndipo inakuwa dawa. Akisogea hatua moja kumkaribia mgeni inakuwa kitu kingine, kitu cha kwenye karanga tu. Na kwamba dawa hii ina tabia ya kumnyang'anya mtu vitamini nyingine ya mishipa ya fahamu, ndiyo maana ya ganzi. Nikasema leo hii nitakwenda kuleta vidonge vyake, asiache.

Akakohoa upande wake.

"Mama Gwamaka," akasema. "Huyo mwenye kikapu ni mkwe?"

Mama mkwe akanitazama. "Ni mkwe?"

"Sikufundishwa," nikasema, "lakini amesimama kama mkwe."

Nikasikia mtu mzima akicheka huku anajikohoza. Halafu kli.

Nilikwenda zahanati na kurudi nikiwa na vitamini ya mishipa mfukoni. Atupele alipousikia ule mfano wa ngoma akasema kaboni hazichezi. Akafikiria kidogo akasema, haya, zicheze. Siafu wa mzee wakaanza kuhama taratibu.

Kisha akaja Mratibu na wageni. Gari lao lilizama kwenye tope chini ya kilima, na waliolisukuma walikuwa wagonjwa wangu wawili wa kifua na mama mchuma chai, wakipumzika kukohoa. Kwenye taarifa niliona baadaye imeandikwa "ushiriki wa jamii." Wageni walitaka picha ya mgonjwa akimeza dawa mbele ya mhudumu wake. Katika wagonjwa wote, wakachagua nyumba iliyo karibu na gari, yaani ya baba mkwe.

"Dada Subilaga, mgonjwa yuko wapi?"

"Nyuma ya kitenge."

"Toa kitenge basi, tupige picha."

"Kitenge ni changu," mama mkwe akasema, "na hakitoki."

Nikamweleza Mratibu mila ilivyo. Alisikiliza vizuri. Yeye si mtu mbaya, nimesema ni mpole. Lakini alikuwa ameshika kishikwambi, na kishikwambi kilikuwa na kisanduku cha kuweka alama.

"Nakuelewa, dada. Mimi siyo niliyeandika mwongozo. Mwongozo unasema macho. Kama humwoni, huyu kwenye mfumo hana msimamizi. Nitalazimika kuandika aende zahanati kila asubuhi akamezee huko."

Mama mkwe akashika kinywa. Kati ya nyumba ile na zahanati kuna kilima, na mzee wakati huo alikuwa akipumzika njiani kwenda chooni. Angekwenda siku mbili, ya tatu angelala, na sote tuliosimama pale tulijua kulala kwake kungeishia wapi.

Nyuma ya kitenge mtu akakohoa.

"Mama Gwamaka."

"Ee, baba."

"Muulize mgeni kama anajua dawa hii ilivyokaa ndani."

Mratibu akasogea. "Shikamoo mzee. Mimi kwa kweli ni mtu wa utawala."

"Mwambie marahaba. Mwambie ndani kuna ngoma ya watu sita. Mwenye kikapu amesimama ng'ambo ya mgeni, mbali kabisa. Ndiyo maana inaponya. Akisogezwa hatua moja tu si dawa tena, ni karanga. Sasa mwambie na mkwe wangu yuko ng'ambo, nami napona. Wasimsogeze."

Mgeni mwenye kamera akaomba atafsiriwe. Mratibu akajaribu, akafika kwenye karanga akakwama.

"Nani amemfundisha mzee kemia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikakagua mabuti yangu.

Hapo ndipo simu ya Mratibu ilipolia. Aliitazama, akavua kofia. Akatuacha wote tumesimama, akaingia migombani, akachuchumaa ametugeuzia mgongo. "Shikamoo mama. Ndiyo mama. Hapana mama, nimekula, nitakula tena. Watoto hawajambo mama." Muda wote alikuwa anang'oa majani kwa vidole kama mtoto aliyetumwa akapoteza chenji. Aliporudi, magoti yalikuwa na udongo.

"Nani huyo?" mama mkwe akamuuliza, kwa upole kabisa.

"Mama mkwe wangu."

"Aa. Kumbe umemwinamia, na yuko kwenye simu."

Mzee nyuma ya kitenge alijikohoza kile kikohozi chake cha kucheka. Mratibu akavaa kofia polepole, akaangalia kishikwambi chake, akaangalia kitenge, akaweka alama kwenye kisanduku.

"Amesimamiwa," akasema. "Lakini picha lazima, dada, tafadhali. Nitawajibu nini?"

Picha ikapigwa. Katikati kuna kitenge chenye maua. Chini yake, upande huu mabuti yangu, upande ule miguu mitupu ya mzee, na kikombe cha bati juu ya jiwe. Ilitoka kwenye kalenda ya mradi ikiwa na maelezo: "Uso kwa uso na mgonjwa." Mama mkwe ameitundika sebuleni. Akija mtu anamwonyesha, huyu ni mume wangu, huyu ni mkwe wangu.

Mzee alimaliza dozi. Makohozi yakapimwa, Atupele akanipa majibu dirishani akiwa amekunja uso kwa makusudi ili anitishe, halafu akashindwa. Hayakuwa na mdudu. Mtoto naye alibaki mzima. Nilimpelekea habari mama mkwe, naye akaipeleka upande wa pili, hatua nne. Nikasikia kikombe kikigongwa jiweni mara moja, kwa nguvu.

"Mwambie mkwe ndaga," akasema. Ndiyo asante yetu. Kesho yake njiani palikuwa na mkungu wa ndizi nisioweza kuunyanyua.

Wadogo zangu, kwa upande wa utaalamu sina zaidi. Mfuniko ukaze. Ganzi ya miguu msiipuuze, semeni dirishani mapema. Na mkikuta nyumba yenye sheria zake, kaeni muulize hizo sheria zinaweza kufanya kazi gani kabla ya kuzitoa njiani. Mwongozo mtaupewa kwenye semina, na peremende.

Wiki iliyopita nilikuwa migombani nakata majani ya ng'ombe, nimevaa ile fulana ya njano, sasa ndiyo nguo yangu ya shamba. Nikasikia hatua kwenye njia ya mlimani. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta kidogo. Kwa pumzi yake nilijua amebeba kitu kizito, labda ndizi za sokoni. Njia ilikuwa wazi, migomba ilikuwa imenifunika, hakukuwa na mtu wa kuniona. Ningeweza kumtazama mpaka nishibe.

Niliweka mundu chini taratibu usije ukagonga jiwe. Nikageukia shina la mgomba, nikaliinamia, nikamsikiliza akipanda. Pale alipozoea kusimama na kukohoa enzi za ugonjwa hakusimama. Kwenye kona hakukohoa. Nilibaki nimeinama hivyo, paji la uso kwenye mgomba, mpaka hatua zake zikaishia huko juu.